Bi. Zabibu Anastaafu, Sauti Yake Inasubiri Kukaribishwa

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kuwapigia simu watu wasiopenda kupigiwa simu, Bi. Zabibu Khatibu anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Alianza kazi katika ofisi yetu ya mahojiano hapa Jeppestown akiwa na miaka thelathini na minane, na anaondoka akiwa na sitini, kama kanuni za kampuni zinavyotaka. Ana afya, ana meno yake yote, na ana sauti. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuvuruga mwaka huu, na nitaifikia.

Kwa wageni wetu wa leo wasiojua tunachofanya humu: jengo hili lilikuwa kiwanda cha magodoro, sasa ni ofisi ya simu. Taasisi za Ulaya zinapotaka kujua watu wao wanafikiri nini kuhusu sabuni, benki, treni au serikali, haziwaulizi zenyewe. Zinatulipa sisi tuwaulize. Saa zetu na zao zinakaribiana, Kiingereza na Kifaransa tunacho, na mishahara yetu haiwatishi. Hivyo Mkongomani aliyekimbia vita Bukavu anamuuliza fundi bomba wa Liège kama ameridhika na maisha, na hakuna anayeona ajabu. Mimi naona ajabu kila siku, lakini leo si siku yangu.

Bi. Zabibu ni mtu wa Tanga. Alifika Johannesburg mwishoni mwa miaka ya tisini pamoja na mumewe, marehemu Mzee Abdulrahman, aliyekuwa fundi wa magari mitaa hii hii. Bi. Zabibu aliuza kanga na mitandio Yeoville, akauza vitumbua, kisha akaona tangazo letu. Kwenye usaili aliulizwa kwa nini anataka kazi ya kuuliza maswali. Akajibu kwamba amekuwa akichunguza mambo ya watu maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumlipa kwa hilo. Aliajiriwa siku hiyo hiyo na kukalishwa kwenye meza ya Kiingereza, upande wa Ireland na Malta. Hajahama tangu hapo, isipokuwa kiti alichobadilishiwa mara mbili kwa sababu ya mgongo.

Visa vyake ni vingi na kila mmoja humu ana chake. Kuna mfugaji wa Ireland aliyekubali kuhojiwa kuhusu bima ya simu huku kondoo wake akizaa. Bi. Zabibu alikaa na simu sikioni akimpa yule bwana moyo mpaka mwanakondoo akatoka, kisha akaendelea na swali la tisa. Kuna mama wa Malta ambaye kila mwaka, akipigiwa na mwingine yeyote wa ofisi hii, husema atajibu akipewa Zabibu. Na tulipofungiwa majumbani mwaka 2020, Bi. Zabibu alipiga simu kutoka varanda yake mtaani Observatory, ambako hadeda, wale ndege wenye midomo mirefu, hutua kila jioni na kupiga kelele zao. Mhojiwa mmoja akadhani mtoto anapigwa, akakata simu na kuwapigia polisi wa kwao. Polisi wa Limerick walipopiga kuuliza, Bi. Zabibu aliwaeleza kuwa ni ndege, na kwa kuwa walikuwa wameshapiga simu, akawaomba wajibu maswali ya treni.

Lakini kilichomtenga na sisi wengine ni hodi yake.

Maelekezo ya kazi yetu yanasema hivi: taja jina, taja ofisi, ingia swali la kwanza bila kupumua. Ukiacha nafasi, mtu anakukimbia. Bi. Zabibu alitaja jina, akataja anakopigia, halafu akanyamaza. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa alichokuwa anangoja. Umefika mlangoni kwa mtu, umebisha, huingii mpaka ukaribishwe. Mzungu hajui hayo. Wengine walidhani laini imekufa, wakakata. Wengine walisema haloo, haloo. Na wengine, katika kimya kile, walishusha pumzi wakasema haya, endelea. Hiyo ndiyo aliyoihesabu kuwa kukaribishwa. Alipoteza wengi mlangoni kuliko yeyote kati yetu, ila walioingia naye walikwenda naye mpaka swali la mwisho. Wasimamizi watano mfululizo walijaribu kumwondolea tabia hiyo. Wasimamizi hao wote wameondoka.

Sasa nifike kwenye mwaka huu.

Mwezi wa Mei tuliletewa kazi kubwa. Mteja wa Ulaya alitaka kujua wafanyakazi wa huko wanatarajia nini kutoka kwa akili mnemba, yaani hizi mashine zinazoandika, kusoma na kuongea: zitawasaidia kazini, zitawapunguzia mshahara, zitawafukuza, au hazitawagusa kabisa. Tulipiga simu miezi mitatu. Nimesoma vitabu vingi kuhusu jambo hili na nimegombana na watu wengi kulihusu, nami nakiri kwamba kilichopita mezani kwetu hakifanani na kitabu chochote.

Mhasibu wa Valletta alisema kazi za wahasibu zitakwisha, ila yake itabaki. Dereva wa lori wa Cork alisema hivyo hivyo kuhusu madereva. Mfasiri, mpokea wageni, mchora ramani za nyumba, wote wakaimba wimbo huo. Tukiwaamini wote, Ulaya itapoteza kazi zote na hakuna hata mtu mmoja atakayefukuzwa. Mwuguzi mmoja wa Galway alisema yeye haogopi kuondolewa, anaogopa kubakizwa: mashine itachukua kuandika na kupanga, yeye ataachiwa kuinua wagonjwa na kutukanwa na ndugu zao, mara mbili ya sasa. Na wengi, kuliko tulivyozoea, walisema tu kwamba hawajui.

Bi. Zabibu aliwaandika kama walivyosema. Lynette, mkuu wetu wa zamu, Mkenya mwenye akili kali na subira fupi, alimfuata mezani.

“Mama Zabibu, hizi sijui zako zimezidi. Mteja ananiuliza kama Ireland nzima haina mtu mwenye maoni.”

“Wapo. Maoni yao ni kwamba hawajui.”

“Si uwasukume kidogo? Waulize, ukilazimika kuchagua, je?”

“Nikimlazimisha, hilo jibu ni lake au ni langu?”

“Ni la kampuni, Mama,” Lynette akasema, na hata yeye mwenyewe akacheka.

Msomaji anayependa hadithi za wanyonge wenye hekima angetaka niishie hapo, Bi. Zabibu akiwa ameshinda. Siishii hapo, kwa sababu Lynette hakuwa mjinga. Alimpa Gradi, kijana wetu wa Lubumbashi wa meza ya Kifaransa ambaye Kiingereza chake pia ni kizuri, awapigie upya baadhi ya watu wale wale. Wengi wao walijibu vizuri tu. Waliokuwa hawajui Jumatatu, Alhamisi walijua, wengine wakijua hili na wengine wakijua kinyume chake. Lynette alisema hayo ndiyo maoni, yalikuwa yamelala tu. Bi. Zabibu alisema Gradi ana sauti ya askari wa kizuizi cha barabarani, mtu anamjibu ili apite. Mpaka leo sijui nani alikuwa sahihi, na walionisikia nikibishana jikoni miaka yote hii wanajua kwamba neno sijui halinitoki kirahisi.

Kulikuwa na la kuchanganya zaidi. Mwaka huu wahojiwa walianza kutuuliza kama sisi ni watu. Bwana mmoja wa Dublin alimwambia Bi. Zabibu acheke, ili ajue. Bi. Zabibu hawezi kucheka kwa kuagizwa. Alijaribu, ikatoka kama kikohozi. Yule bwana akasema mashine hii ni mbovu, akakata simu. Bi. Zabibu akageuka kwetu akauliza, “Jamani, mimi nacheka vibaya?” Tulimwambia hapana. Hatukuwa wakweli sana.

Tazama jinsi dunia ilivyopangwa. Mfanyakazi wa Ulaya anaogopa, mara moja anaulizwa anaogopa kiasi gani, kwa lugha ya adabu, na majibu yake yanawekwa kwenye ripoti yenye rangi nzuri. Anayemuuliza yuko Jeppestown, mashine inamjia yeye kwanza, na hakuna aliyempigia simu. Nililisema hili jikoni kwa sauti kubwa. Gradi, badala ya kukasirika pamoja nami, akachukua maswali yale yale, akayageuza Kiswahili, akaketi mbele ya Bi. Zabibu aliyekuwa anakunywa chai.

“Maman, unatarajia akili mnemba itagusa kazi yako kwa miaka mitano yenye kuja?”

“Mimi nastaafu Novemba, mwanangu. Iguse nini?”

“Lazima ujibu. Sana, kidogo, hapana kabisa, ao haujui.”

“Andika inategemea.”

“Inategemea haiko.”

“Iongeze. Si wewe ndiye unayeuliza?”

“Eish, Maman. Sasa ndiyo naelewa juu ya nini kichwa kinaumaka Lynette.”

Tulicheka sote. Wiki chache baadaye, mwezi wa Agosti, Lynette alimwita Bi. Zabibu ofisini, na safari hiyo hakukuwa na kicheko.

Kampuni ilitaka kujaribu mashine ya kupiga simu kwa meza ya Kiingereza. Mashine inahitaji sauti. Mahojiano yetu yote hurekodiwa, na rekodi safi kuliko zote, za miaka mingi kuliko zote, ni za Bi. Zabibu. Waliomba mambo mawili. La kwanza, ruhusa ya kutengeneza sauti ya jaribio moja ili wasikie inavyotoka. Hilo alilikubali, kwa udadisi zaidi ya kitu kingine. La pili lilikuwa zito: aseme, kabla ya siku ya kustaafu, kama sauti yake ibaki ikifanya kazi baada ya yeye kuondoka. Ndiyo au hapana. Watu wanane wa meza ya Kiingereza wakawa wanamtazama kila anapoinuka kwenda msalani.

Jaribio lilifanyika chumba cha mikutano. Gichuki, fundi wetu wa mitambo, ndiye aliyeleta mashine. Tulijazana wote, Bi. Zabibu amekaa mbele, mkoba magotini. Gichuki akabonyeza. Sauti ikatoka kwenye spika, ya Bi. Zabibu kabisa, na ule Uswahili wake ndani ya Kiingereza. Ikasalimia. Ikataja jina. Ikasema inapiga kutoka Johannesburg.

Kisha ikanyamaza.

Gichuki akatazama skrini. Akagusa waya. Akasema samahani, kuna hitilafu, imekwama mahali. Hakuna aliyemjibu, maana kila mtu wa pwani mle ndani alikuwa anajua haijakwama. Kimya kikazidi. Na Bi. Zabibu, mikono juu ya mkoba, bila kufikiri, akasema taratibu:

“Karibu.”

Ikaendelea. Ikauliza swali la kwanza.

Watu wakacheka mpaka wakashika meza. Bi. Zabibu naye alicheka, kile kicheko chake halisi ambacho bwana wa Dublin hakupewa. Halafu akaacha, akainuka, akaenda jikoni. Nilimkuta amesimama mbele ya birika ambalo hakuwa ameliwasha.

“Nimejikaribisha mwenyewe,” aliniambia. “Au nimemkaribisha nani?”

Ningependa kuwaambia kwamba mashine ilijifunza adabu za Tanga. Gichuki, ambaye hapendi miujiza, alirudia jaribio. Gradi alikohoa, ikaendelea. Kiti kilikwaruza sakafu, ikaendelea. Kumbe husubiri kelele yoyote. Nikasema basi ni ujinga mtupu, imenakili kimya bila kujua ni cha nini. Shufaa wa Zanzibar, anayekaa meza ya pembeni, akanijibu kwamba hata Bi. Zabibu mwenyewe miaka yote aliendelea mtu akikohoa, au mbwa akibweka, akahesabu amekaribishwa.  

Gichuki alimtania wakati anakusanya nyaya zake. “Sasa Mama, si umeshaikaribisha? Hayo ni makubaliano.”

“Nimeikaribisha sebuleni,” Bi. Zabibu akasema. “Sijaipa kitanda.”

Kuanzia hapo ofisi iligawanyika. Gradi alimfuata kila siku mpaka kwenye robot, yaani taa za barabarani, ya Jules Street, wakisubiri kuvuka. “Maman, ukiwapa sauti, sisi tutabakia na nini? Viti?” Lynette alikuwa na hoja yake, na ilikuwa nzito: tukikataa, makao makuu watanunua sauti ya nchi nyingine, na mkataba mzima utaifuata sauti hiyo, lakini sauti ikiwa ya hapa, angalau watahitaji watu wa hapa wa kuisimamia. Shufaa alisema, kwa upole, kwamba yeye angependa kuendelea kumsikia Bi. Zabibu. Mimi nilitaka akatae. Nilimwambia hivyo kwa maneno mengi, nikampa mifano ya viwanda vya nguo na ya migodi, na yeye alinisikiliza kama anavyomsikiliza mhojiwa, akinionea huruma kidogo. Nikamuuliza, kama hataki, kwa nini asiseme hapana. Akasema anapowaza hapana anawaona wale wanane bila mkataba. Anapowaza ndiyo anawaona wale wale bila viti. Na akiwaacha hao, akijifikiria mwenyewe tu, anamwona yule mama wa Malta akimwuliza habari za hadeda, na kitu fulani ambacho si yeye kinamjibu.

Nilikuwa nimeshaandaa kurasa mbili za jarida hili: mmoja wa kumsifu kwa kukataa, mwingine wa kumsamehe kwa kukubali. Zote nimezitupa.

Jumanne wiki hii aliitwa kutoa jibu. Lynette aliomba tuwepo baadhi yetu, asije akasemwa kwamba alimbana. Alimuuliza vizuri, kwa heshima.

“Mama, muda umefika. Unakubali au unakataa?”

“Sijui.”

“Ukilazimika kuchagua?”

“Sijui, mwanangu. Nimetafuta miezi mitatu. Nikikupa jibu lingine nitakuwa nakuongopea.”

Lynette aliinamisha kichwa. Sote tulikuwa tunakumbuka Mei, na yeye alikuwa anakumbuka kuliko sisi. Angeweza kumsukuma. Ana kipaji cha kusukuma watu, ndiyo maana ni mkuu wa zamu. Hakumsukuma. Akaandika.

“Hiyo inahesabika kama nini?” Gichuki akauliza.

“Inahesabika kama sijui.”

“Kwa hiyo tunaiwasha ama hatuiwashi?”

“Bila ndiyo, hatuiwashi. Rekodi zake zifunge.”

Hivyo ndivyo ilivyo siku ya leo, wakati mnasoma haya mkiwa na sahani za pilau mikononi. Sauti ya Bi. Zabibu imefungwa, haikutolewa wala haikunyimwa. Makao makuu wanaweza kununua nyingine kesho. Mkataba wa meza ya Kiingereza unaishia Machi, na baada ya Machi hakuna anayejua, hata wale wanaolipwa ili wajue. Kiti chake hakijatangazwa. Nimeuliza kama kitatangazwa na nimejibiwa inategemea. Nikauliza malalamiko hupelekwa kwa nani, nikaambiwa inategemea vile vile. Nilidhani ningekuwa na hasira zaidi. Ninayo, tafadhali msiwe na wasiwasi, ila sijapata wa kuielekezea, kwa sababu kila ninayemwendea namkuta amesimama pale pale nilipo mimi.

Tunamshukuru Bi. Zabibu kwa wasaili wapya aliowafundisha, wakiwemo watatu ambao leo ni wasimamizi katika ofisi nyingine za mji huu. Tunamshukuru kwa vitumbua vya Ijumaa, kwa futari aliyotugawia Waislamu na Wakristo bila kuuliza nani amefunga, na kwa kutukatalia kwa adabu tulipotaka kuwa na uhakika wa haraka. Tunawashukuru binti yake Sumaiya na wajukuu zake wa Observatory, ambao wanamsikia Kiswahili na kumjibu kwa Kizulu, kwa kutuazima mama yao jioni zote hizi. Sasa tunamrudisha kwenu.

Bi. Zabibu, pumzika, lala mchana, uwe na afya, na hao hadeda wakuvumilie. Ukitukumbuka, piga simu ofisini. Taja jina lako, sema unapiga kutoka wapi, kisha nyamaza kama desturi yako. Mashine imejifunza kwako kubisha hodi, lakini kukaribisha haikujifunza, kwa sababu katika miaka yote hiyo ya rekodi hakuna Mzungu aliyewahi kukujibu neno hilo. Atakayesema karibu ni mmoja wetu. Usiposikia, usikate haraka. Subiri kidogo.

Mansour, meza ya Kiingereza, kwa niaba ya wafanyakazi wa zamu ya jioni